Besi Kando ya Chumvi: Upigaji, Nyuzi na Vyombo kwa Wanamuziki wa Shelly Beach

Gita la besi hushika katika bendi ya umeme nafasi ile ile ambayo vumi, ngoma yenye sauti nene, huishika katika chakacha ya arusini: haliongozi wimbo wala halipambi, bali huweka sakafu ambayo waimbaji, gita la solo, kinanda na miguu ya wachezaji husimama juu yake. Tofauti iliyopo ni kwamba vumi halina noti za kuchagua, ilhali besi hufuata wimbo na kubadilisha noti kila wimbo unapobadilika, na uhuru huo ndio unaowapoteza wanafunzi wengi, kwa kuwa huanza kukusanya noti kabla ya kujua noti ikatwe wapi. Makala hii inawahusu wapigaji wa besi, wapya na wakongwe, wanaofanya kazi katika ukanda wa Shelly Beach huko Likoni, kusini mwa mlango wa bahari unaokitenga kisiwa cha Mombasa na bara, na hoja yake ni moja: namna ya kupiga, aina ya nyuzi na vyombo vya kununua haviwezi kuamuliwa kila kimoja peke yake mahali hapa, kwa sababu vyote vinatawaliwa na mdundo wa ngoma za pwani kwa upande mmoja na chumvi ya bahari kwa upande mwingine.

Besi ya kawaida ina nyuzi nne, ambazo kuanzia ule mnene zaidi hupatanishwa kwa sauti za Mi, La, Re na Sol, oktavu moja chini ya nyuzi nne nene za gita la kawaida. Uzi wa Mi ukipigwa wazi, yaani bila kidole cha kushoto kuukandamiza, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani huwa na urefu unaozidi mita 8, jambo litakalohitajika tena litakapofika suala la spika. Umbo linalotumika leo lilienea baada ya Leo Fender wa California kutoa besi yake ya Precision mwaka 1951, ikiwa na freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokata shingo na kumwonyesha mpigaji mahali pa kila noti. Kabla ya hapo mwanamuziki wa besi alibeba fidla kubwa ya kusimama, ambayo bado inasikika katika vikundi vya taarabu vya Zanzibar kama Culture Musical Club, na ambayo, kwa kukosa freti, ina faida moja ambayo gita la besi limeipoteza.

Mkono wa kulia ndio chanzo cha sauti. Wapigaji wengi hutumia kidole cha shahada na cha kati kwa zamu, dole gumba likiwa limeegemea juu ya pikapu, ambayo katika gita si gari la kubebea mizigo bali ni kile kijisanduku chenye sumaku na waya uliosokotwa, kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme. Kidole hakitakiwi kuuvuta uzi kwenda juu kana kwamba kinaung'oa, bali huusukuma kwa ndani mpaka kikatue kwenye uzi unaofuata: kikipiga uzi wa La, kinamalizia safari yake juu ya uzi wa Mi na kuuzima papo hapo. Msukumo huo mdogo, ambao haufiki hata sentimita 2, unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na mwanafunzi ambaye hajauzoea hutambulika kwa mvumo wa chini usiokwisha, unaotoka kwenye nyuzi ambazo hakuzipiga lakini hakuzizima.

Mahali kidole kinapogusa uzi pana uzito kuliko nguvu ya kidole chenyewe. Karibu na shingo sauti huwa nene na ya mviringo, karibu na daraja, yaani kile chuma cha chini kinachozishikilia nyuzi, sauti hukauka na kuwa na ukali, na kati ya ncha hizo mbili mpigaji anaweza kubadilisha rangi ya sauti yake bila kugusa kitufe chochote. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown za miaka ya 1960 kule Detroit, alitumia karibu kila mara kidole kimoja tu, cha shahada, na hakuna anayeweza kusema kwamba kidole hicho kilimpungukia. Wapo pia wanaopendelea kipande cha plastiki, ambacho wapigaji wa udi wa Mombasa wangekitambua mara moja kama ndugu wa risha yao, nacho kinafaa pale noti zinapotakiwa kusikika kila moja kwa mwanzo mkali, hasa katika nyimbo za kasi, mradi upande wa kiganja uegemee kidogo juu ya nyuzi kwenye daraja ili sauti isirefuke kupita kiasi.

Suala la kuzima linastahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndilo linalomtenganisha mpigaji wa besi na mtu anayepiga gita lenye nyuzi nene. Noti ina mwanzo na ina mwisho, na katika muziki unaotokana na ngoma mwisho huo ni pigo vile vile: ngozi ya ngoma hunyamaza yenyewe mara baada ya kupigwa, lakini uzi wa chuma huendelea kulia kwa sekunde kadhaa, na usipokatwa kwa makusudi unajaza nafasi ambazo ngoma za chapuo na msondo zilikuwa zizungumze. Njia ya msingi ni kulegeza kidole cha kushoto bila kukiondoa kwenye uzi, kwa maana kwamba kidole kinaacha kukandamiza freti lakini kinabaki kimegusa, kwani kikiondoka kabisa uzi hulia wazi kwa sauti isiyotakiwa. Njia ya pili ni kuuzima uzi kwa kidole cha kulia kinachojiandaa kwa pigo linalofuata. Zoezi linalofaa ni la noti moja tu: mpigaji achague Sol ya freti ya tatu kwenye uzi wa Mi, aipige taratibu kwa kufuata mapigo ya metronomu au ya programu ya simu, kwanza ikijaza pigo zima, kisha nusu, kisha robo, akisikiliza mahali sauti inapokatika kuliko mahali inapoanzia. Dakika 10 za zoezi hilo kila siku huzaa matunda kuliko saa nzima ya kupanda na kushuka skeli, na huchosha kuliko inavyodhaniwa.

Kwa mkono wa kushoto kuna shule mbili, na ubishi kati yake unaweza kumalizwa kwa rula. Shule ya kwanza humpa kila kidole freti yake, vidole vinne kwa freti nne. Ya pili, iliyorithiwa kutoka kwa fidla kubwa na kuandikwa katika karne ya 19 na Franz Simandl, hutumia shahada, kati na kidole cha mwisho kwa freti tatu, huku kile cha pete kikikisaidia cha mwisho. Katika besi ya urefu wa kawaida, ambayo uzi wake una inchi 34 kutoka kichwani mwa shingo hadi darajani, umbali kati ya freti ya kwanza na ya nne ni takriban milimita 130, lakini kati ya ya tano na ya nane umbali huo umeshuka hadi milimita 103. Ni dhahiri basi kwamba shule ya Simandl inafaa chini kabisa ya shingo, ambako kumlazimisha kijana wa miaka 14 kutanua vidole vinne ni kumtafutia maumivu ya kifundo cha mkono, na kwamba kuanzia freti ya tano kwenda juu vidole vinne vinaweza kukaa bila shida. Kifundo chenyewe kinyooke kadiri inavyowezekana, na mkanda ufupishwe hadi gita likae mahali pale pale linapokaa mpigaji anapokuwa ameketi, hata kama picha za jukwaani zinaonyesha magita yanayoning'inia magotini.

Mdundo wa chakacha huenda kwa mapigo sita ambayo sikio linaweza kuyagawa kwa namna mbili, ama makundi mawili ya mapigo matatu ama makundi matatu ya mapigo mawili, na utamu wake wote unatokana na namna hizo mbili kusikika kwa pamoja. Mpigaji wa besi aliyelelewa na muziki wa kanisani au wa pop wa mapigo manne huchagua upande mmoja na kuung'ang'ania, kisha anashangaa kwa nini wachezaji wamepungukiwa na nguvu. Afanye hivi: agonge mguu mara mbili katika kila mzunguko wa sita, apige noti tatu zenye nafasi sawa juu ya mapigo hayo mawili ya mguu, na akishazoea aanze kuacha noti moja kati ya zile tatu, leo ya kwanza, kesho ya pili, mpaka apate ile ambayo kutokuwepo kwake kunamfanya mpiga ngoma atabasamu. Mombasa Roots, bendi iliyoipeleka chakacha kwenye vyombo vya umeme na kwenye disko katika miaka ya 1980, inafaa kusikilizwa kwa ajili hii, wimbo mmoja mara nyingi badala ya nyimbo nyingi mara moja moja.

Taarabu ina mtihani wa aina nyingine. Baadhi ya maqamu, yaani mifumo ya sauti iliyoletwa na muziki wa Kiarabu, ina noti zinazoangukia katikati ya freti mbili: katika Rast sauti ya tatu hukaa kati ya ile ndogo na ile kubwa, na katika Bayati ni sauti ya pili inayofanya hivyo. Fidla, udi na koo la mwimbaji huzifikia noti hizo bila taabu, kama ilivyo kwa besi ya kusimama, lakini freti za gita zinazikataa, na mpigaji anayejaribu kuzikaribia kwa noti jirani hukwaruzana na mwimbaji kwa namna ambayo hata msikilizaji asiyejua jina la maqamu huisikia. Ushauri ni rahisi, nao hauna aibu yoyote: kwenye maqamu hizo besi ibaki kwenye sauti ya kwanza, ya nne na ya tano, na iwaachie wengine mapambo. Nyimbo za taarabu ya Mombasa zilizojengwa juu ya tuni za sinema za Kihindi mara nyingi huruhusu uhuru mkubwa zaidi.

Katika rumba ya Kiswahili iliyokua Nairobi kwa mikono ya wanamuziki wengi kutoka Tanzania, besi ilipewa nafasi ya kuzungumza. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, ambamo Tommy Malanga alipiga besi inayotambulika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Anayetaka kuiiga aziandike noti zake kwenye karatasi na aweke alama kwenye kila kimya, kisha ahesabu vimya hivyo. Kuhusu kupiga kwa dole gumba, ile mbinu ya kuugonga uzi kwa mfupa wa gumba na kuuchapa mwingine kwa shahada, si lazima maneno yawe mengi: Larry Graham wa Marekani aliibuni alipokuwa akipiga na mama yake katika kundi lisilo na mpiga ngoma, ili gumba lake lishike nafasi ya ngoma iliyokosekana, na pwani haijawahi kukosa ngoma.

Kutoka hapo suala la nyuzi linajieleza. Uzi wa besi una kiini cha chuma cha pua ambacho kimezungushiwa waya mwingine, na umbo la waya huo wa nje ndilo linaloamua karibu kila kitu. Waya ukiwa wa mviringo, uso wa uzi huwa na mbavu ndogo ndogo zinazokwaruza kidole, na sauti huwa angavu na ndefu. Nyuzi za namna hii, ambazo hapa zitaitwa za raundi, zilipata umaarufu Uingereza katika miaka ya 1960 na leo ndizo zinazokuja na karibu kila gita jipya. Waya ukiwa bapa kama utepe, uso huwa laini kama kioo, sauti huwa nene, yenye mwanzo wa kudunda na mkia mfupi. Hizo ni za flati, na ndizo alizotumia Jamerson, ambaye alikuwa maarufu kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Mbali na hizo mbili kuna nyuzi zilizofunikwa kwa utepe wa nailoni mweusi, zenye sauti inayokaribia ya besi ya kusimama na zisizo na chuma chochote kinachoguswa na vidole wala na hewa, jambo lenye maana kubwa mahali palipo karibu na bahari.

Shelly Beach inatazama Bahari Hindi moja kwa moja. Kati ya Aprili na Septemba kusi huvuma kutoka baharini na kuupandisha ufukweni ukungu mwembamba wa maji ya chumvi, usioonekana kwa macho lakini unaohisiwa kwenye vioo vya madirisha asubuhi, na hata wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa haikauki kiasi cha kuacha chuma salama. Chumvi huvuta unyevu na kuushikilia juu ya chuma, na unyevu huo wenye chumvi hupitisha umeme mdogo unaoharakisha kutu kuliko maji matupu yanavyoweza. Nyuzi za raundi zina mamia ya vijia kati ya mbavu zake, na kila kijia ni ghala la jasho, mafuta ya ngozi na chumvi. Mtu akiuchunguza kwa karibu uzi wa raundi uliokaa miezi miwili katika nyumba iliyo jirani na ufukwe ataona kwamba katikati pale vidole vinapopita panang'aa bado, lakini kutu ya rangi ya tangawizi imeanza karibu na daraja, pale kiganja kinapoegemea na kitambaa kisipofika, na pia juu ya shingo kwenye freti mbili za kwanza kama hazipigwi mara nyingi. Uzi huo hauwi tu na sauti iliyokufa: uzito wake haulingani tena kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unakataa kupatana hata vigingi vikizungushwa usiku kucha.

Kwa sababu hiyo, anayepiga hasa chakacha, taarabu, rege na rumba katika ukanda huu ashauriwe bila kusitasita kuweka nyuzi za flati, zile za chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Zina bei kubwa zaidi dukani, mara nyingi zaidi ya maradufu, na kijana anayeanza ataona kwamba ni anasa. Lakini seti ya raundi ikidumu miezi miwili au mitatu na ya flati ikidumu miaka, hesabu haihitaji kalamu. La muhimu zaidi ni kwamba mkia wake mfupi unafanya nusu ya kazi ya kuzima iliyoelezwa hapo juu, hivi kwamba uzi unaoivumilia chumvi ndio huo huo unaosikika kama ngoma. Anayepiga gospeli ya kisasa au nyimbo za kunakili redioni, ambazo zinahitaji mng'ao, abaki na raundi, ikiwezekana zile zilizopakwa utando mwembamba wa plastiki wa kuzuia unyevu, na akubali gharama yake.

Unene wa nyuzi hupimwa kwa sehemu za inchi, na seti ya kawaida huanzia 0.045 kwa Sol hadi 0.105 kwa Mi. Zikishakazwa, nyuzi nne kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 80, na kwa kuwa za flati mara nyingi huvuta zaidi, kuzibadilisha kunadai shingo irekebishwe. Mnunuzi ahakikishe pia kwamba seti imekusudiwa urefu wa gita lake, kwani nyuzi za besi fupi ya inchi 30 hazifiki vigingini kwenye besi ndefu, na asikubali pakiti iliyofunguliwa, ambayo kwa hewa ya Mombasa imeanza kuzeeka ikiwa rafuni. Wakati wa kuweka, uzi wa flati usikatwe kamwe kabla ya kukunjwa kwenye kigingi: utepe wake hufunguka kutoka kwenye kiini na uzi mpya unakufa kabla haujapigwa noti moja.

Desturi ya kuchemsha nyuzi za raundi zilizochoka ni ya zamani, na hufanya kazi kwa kiasi, kwa kuwa maji ya moto huyeyusha mafuta yaliyoganda kati ya mbavu. Hata hivyo mwangaza unaorudi hudumu siku chache, na maji yanayobaki ndani huanzisha kutu mpya. Bora kuziloweka usiku mmoja katika spiriti, ambayo hukauka yenyewe bila kuacha maji, kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko na mbali na watoto. Kila baada ya kupiga, nyuzi zifutwe kwa kitambaa cha pamba kilicho kikavu, juu na chini yake, kwa kukipitisha kitambaa kati ya uzi na shingo. Kuhusu mafuta ya nazi, ambayo mkono wa Mpwani huyafikia kwanza pale kitu chochote kinapokauka, hayafai kwa mbao za shingo: baada ya muda huvunda, hunata na kukusanya vumbi. Kama ubao unahitaji mafuta, na kwa unyevu wa Likoni hauhitaji mara nyingi, tone la mafuta meupe ya madini linatosha kwa mwaka mzima.

Mbao nazo zina misimu. Shingo hufyonza unyevu wakati wa masika na kuurudisha wakati wa kaskazi, na katika safari hiyo hupinda kwa kiasi ambacho kidole hukitambua kabla ya jicho, nyuzi zikiinuka mbali na freti au zikianza kuzigusa na kuzizika noti kwa mlio wa nyuki. Ndani ya shingo imepitishwa fimbo ya chuma yenye nati upande mmoja, ambayo ikikazwa huinyoosha shingo dhidi ya mvuto wa nyuzi na ikilegezwa huiacha ipinde. Ili kupima, uzi wa Mi ukandamizwe kwa wakati mmoja kwenye freti ya kwanza na kwenye ile inayokutana na kiwiliwili, kisha utazamwe katikati, kwenye freti ya saba au ya nane: pawe na nafasi inayolingana na nusu ya unene wa laini ya simu, yaani kama milimita 0.35. Nati izungushwe robo ya mzunguko tu kwa siku, kwa ufunguo unaoingia barabara, na ikikataa iachwe hadi fundi aione, kwani shingo iliyovunjika fimbo haina dawa ya bei nafuu.

Anayenunua besi iliyotumika, na wengi watanunua hiyo, aitazame shingo kwa kuichungulia kutoka darajani kama seremala anayechungulia ubao, ajaribu kila freti ya kila uzi, kisha azungushe vitufe huku gita limeunganishwa na amplifaya: mkwaruzo unaosikika ni kutu na vumbi ndani, nao mara nyingi huondoka kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Kwa mazingira haya yafaa kuchagua besi isiyotumia betri. Zile zenye betri ya volti 9 zina kisaketi cha kukuza sauti ndani yake, na kisaketi hicho ni mlango mwingine wa chumvi. Isitoshe, betri huisha pale waya unapoachwa umechomekwa usiku, kwa kuwa katika besi nyingi ni ncha ya waya inayowasha saketi. Besi ya nyuzi tano, yenye Si ya chini, haina ulazima kwa muziki uliotajwa hapa.

Ukumbini kuta huirudisha sauti ya besi na kuiongezea uzito, lakini ufukweni hakuna kuta, na lile wimbi la mita 8 huondoka bila kurudi. Kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6, wakati kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu hurudisha desibeli 3 tu, ambazo sikio huzihesabu kuwa ongezeko dogo. Hivyo amplifaya ya wati 100 inayotosha kabisa sebuleni na kwenye mazoezi itaelemewa mchangani, na dawa yake si kufungua kitufe cha besi hadi mwisho, jambo linalochana spika, bali ni kupunguza kidogo sauti nene kabisa, kuinua zile za katikati ambako sikio hulitambua pigo, na kuipeleka besi kwenye spika kubwa zinazowaelekea wasikilizaji kupitia kijisanduku kinachoitwa DI, ambacho hulinganisha umeme wa gita na ule wa mikrofoni. Kila spika imeandikwa kiwango cha omu, yaani ukinzani wake dhidi ya umeme: mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa mzigo wa omu 4, na amplifaya isiyoruhusu omu 4 itapata joto na kuungua.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni stima yenyewe. Nyuzi za gita zimeunganishwa, kupitia daraja na waya, hadi ardhini mwa mfumo wa umeme, na mpigaji aliyesimama pekupeku juu ya mchanga wenye maji ya chumvi, mdomo wake ukigusa mikrofoni iliyochomekwa kwenye soketi nyingine, anaweza kuwa yeye ndiye njia ambayo umeme wa volti 240 unaitafuta. Plagi yenye miguu mitatu isikatwe mguu wa ardhi ili kuondoa mvumo. Vyombo vyote vya jukwaa vitoke kwenye chanzo kimoja chenye swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Jenereta ikaguliwe na fundi kabla ya arusi. Na mpigaji avae viatu vyenye soli ya mpira akanyage ubao au zulia kavu. Akihisi mwasho mdogo kwenye midomo, hata kama wageni wamesimama wakicheza, azime na aondoke jukwaani.

Mwisho kuna kivuko cha Likoni. Mpigaji anayeishi Likoni na kuitwa kisiwani atavuka kwa miguu miongoni mwa umati, bila malipo lakini pia bila mahali pa kuweka kitu, na uzito wa vyombo vyake unaamua kama atafika akiwa na mikono ya kupiga au mikono inayotetemeka. Amplifaya za kisasa zinazotumia saketi ya daraja la D zina uzito wa kilo 2 au 3, zikilinganishwa na kilo 15 na zaidi za zile za zamani, na huingia kwenye mfuko mmoja na nyaya. Spika anaweza kuikuta huko aendako. Gita livaliwe kifuani badala ya mgongoni, ambako kichwa chake huwagonga walio nyuma, na lifunikwe kwa mfuko wenye kitambaa kisichopitisha maji, kwa kuwa kule katikati ya mlango wa bahari upepo hauna kizuizi. Likifikishwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, au likitolewa humo kwenda ufukweni, libaki ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa, vinginevyo maji yatatona juu ya chuma kilichopoa, na nyuzi zilizopatanishwa mapema zitakuwa zimehama kabla ya wimbo wa kwanza kwisha.